Mchunga Ng'ombe Aliyefika Japani na Zeze Lake

Ndugu msomaji wa Nyamwaga, litungu unalijua. Lina nyuzi nane na ngozi ya mnyama. Likilia, hata wazee huinuka. Sasa jiulize: katika kijiji chako wamebaki wapigaji wangapi? Na nani anajifunza kwao?

Mimi ni bwana shamba. Kazi yangu ni kahawa na migomba. Lakini leo nitakusimulia habari za Hukwe Zawose.

Zawose alikuwa Mgogo wa Dodoma, aliyezaliwa mwaka 1938. Ugogo ni nchi kavu, siyo kama huku kwetu. Lakini watu wake ni wafugaji kama Wakurya. Utotoni Zawose alichunga ng'ombe. Muziki alijifunza nyumbani. Alipiga zeze, tena alipiga ilimba. Ilimba ni sanduku la mbao lenye vyuma vyembamba juu yake. Mpigaji huvibonyeza kwa vidole gumba. Sanduku hilo lina matundu yaliyozibwa kwa utando wa buibui. Utando hutetemeka, na sauti huvuma kama nyuki. Ni buibui yule yule tunayemfagia ukutani!

Miaka ya 1960, Rais Nyerere alimwita Dar es Salaam. Baadaye Zawose alifundisha Chuo cha Sanaa Bagamoyo, kilichofunguliwa mwaka 1981. Alisafiri Ulaya, Marekani na Japani. Huko aliimba Kigogo. Watu hawakujua maneno, lakini walikaa wakasikiliza.

Ujuzi wake hakuuficha. Aliwafundisha watoto na ndugu zake, akapiga nao. Alifariki Bagamoyo tarehe 30 Desemba 2003, lakini ala hazikunyamaza. Zamani wanawake wa Kigogo walipiga ngoma za muheme. Zeze na ilimba kwa kawaida zilikuwa za wanaume. Leo binti yake Pendo na mjukuu wake Leah wanazipiga na kuimba wenyewe. Mwaka 2024 walitoa albamu yao, iitwayo Maisha.

Huku kwetu, katika nyumba moja niliyokwenda kutazama mahindi, niliona litungu limetundikwa darini. Mwenyewe amekwisha kufa. Panya wametafuna ngozi, na nyuzi zimebaki tatu. Nilimwuliza kijana wa nyumba hiyo kama anajua kulipiga. Alisema babu hakumfundisha, na yeye hakumwomba.