Wajibu Mkubwa, Mamlaka Madogo

Meneja akianza kukosa usingizi na kufoka vikaoni, wakubwa wake huwa na jibu tayari: hawezi presha, apelekwe semina.

Jibu hilo si uongo mtupu. Mwanasaikolojia wa Marekani, Suzanne Kobasa, alichapisha mwaka 1979 utafiti kuhusu mameneja waliopitia misukosuko mikubwa. Wapo waliougua, wapo waliobaki na afya. Waliobaki na afya waliipenda shughuli yao, waliyapokea mabadiliko bila hofu, na waliamini kuwa mambo yao yamo mikononi mwao.

Imani hiyo ya mwisho ndiyo inayonisumbua. Mtu ataishikaje ikiwa kila uamuzi wake hutenguliwa makao makuu?

Mwaka huohuo mtafiti Robert Karasek alionyesha kwamba kazi nyingi peke yake siyo inayoumiza zaidi. Kinachoumiza ni kazi nyingi kwa mtu asiye na kauli juu yake. Kisha jijini London, kuanzia mwaka 1985, mtafiti Michael Marmot na wenzake wakawafuatilia watumishi wa serikali zaidi ya 10,000. Wenye kauli ndogo kazini walipata maradhi ya moyo zaidi. Huenda ni watu wa kulalamika tu? Watafiti walilipima hilo pia, wakaizingatia hulka ya kuona mabaya kila mahali, na hatari haikuondoka.

Sasa mtazame meneja wa tawi. Malengo ya mauzo amepangiwa. Hawezi kuajiri wala kuongeza mshahara, na hata matengenezo ya jenereta yanasubiri saini ya mtu mwingine. Lakini lengo lisipofikiwa, barua ya kujieleza inaandikwa kwa jina lake. Huyu semina ya kuvuta pumzi haitamfaa sana. Apewe bajeti anayoweza kuitumia bila kupiga simu, na apewe nafasi ya kusema lengo hili halifikiki kabla halijapitishwa.

Hulka inabaki na uzito wake. Johannes Siegrist, mtafiti aliyechunguza jasho la mtu na malipo anayoyapata, alitoa hoja kwamba wasioweza kuiweka kazi chini, wanaolala nayo na kuamka nayo, ndio walio hatarini zaidi jasho lisipolipwa. Na ndio hao tunaowapandisha cheo kwanza, tukiwasifu kwa kujituma, kisha tunawakalisha kwenye kiti kisicho na mamlaka.