Ukuta Unakunywa Kiasi Gani?

Fundi rangi akiwa bado mlangoni hutamka: "Ndoo moja na galoni mbili." Mara nyingine anapatia. Mara nyingine mwenye nyumba anabaki na nusu ndoo inayogandia stoo, au rangi inakwisha ukuta wa nne haujaguswa, na inayochanganywa upya dukani haifanani na ya kwanza.

Hesabu yenyewe ni ya darasa la tano. Chumba cha futi 12 kwa 12, chenye kuta za futi 10 kwenda juu, kina futi za mraba 480. Toa mlango wa futi 3 kwa 7 na madirisha mawili ya futi 5 kwa 4, zinabaki 419, karibu mita za mraba 39. Ukipiga mikono miwili ni 78. Makopo mengi ya rangi ya maji huahidi mita 10 hadi 12 za mraba kwa lita, na ahadi hiyo haikuokotwa: lita moja ikitandazwa kwa unene wa sehemu ya kumi ya milimita hufunika mita 10 kamili. Basi chumba hiki kinataka lita 7.8. Galoni mbili za lita nne zinatosha.

Kwenye karatasi.

Kopo linauzungumzia ukuta laini, uliokwisha kupigwa praima. Lipu mpya iliyoachwa na chembe za mchanga ina mabonde ambayo futi haiyaoni, na vitundu vyake hunyonya maji ya rangi kabla rola haijafika mbali. Hapo lita moja inaweza kuishia mita 6, na chumba kilekile kikala lita 13. Ndiyo sababu fundi makini hupitisha kiganja ukutani kwanza, futi baadaye, kisha anauliza kuhusu pati na msasa.

Wapo wanaotafuta nafuu kwenye bomba. Maji kidogo kopo lenyewe linaruhusu. Yakizidi, rangi inafika mbali kweli, ila ya zamani inachungulia, na mkono wa tatu unakula kilichookolewa.

Halafu kuna suala la rangi gani. Njano kali na nyekundu nyingi hazifichi vizuri kilicho chini yake, hata kwenye ukuta laini. Anayezipenda ahesabu mikono mitatu: mita 117, galoni tatu, na dari bado haijatajwa.