Bingwa wa Mapigo ya Moyo Hatoshi Peke Yake

Daktari anayetaka kubobea katika mapigo ya moyo nchini Tanzania husoma shahada ya udaktari miaka 5, utarajali mwaka 1, uzamili wa magonjwa ya ndani miaka 3 au 4, kisha ubobezi wa magonjwa ya moyo, ambao Chuo Kikuu cha Muhimbili huchukua miaka 2. Hapo bado hajaingia kwenye mfumo wa umeme wa moyo wenyewe, elimu inayowapeleka wengi nje ya nchi. Urefu huo una sababu. Umeme unaouendesha moyo huzaliwa kwenye kifundo kidogo cha chumba cha juu upande wa kulia, mara 60 hadi 100 kwa dakika mtu akiwa ametulia. Bingwa hupitisha waya laini kwenye mshipa wa paja hadi ndani ya moyo, husoma njia za umeme huo, na huchoma penye hitilafu bila kuigusa njia kuu iliyo jirani. Wepesi wa mkono wa namna hiyo hutokana na kuhudumia wagonjwa wengi.

Kwa hiyo ni busara tiba hiyo kukusanywa katika Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, Dar es Salaam, ingawa ni zaidi ya kilomita 600 kwa barabara kutoka Arusha. Maabara yenye wagonjwa wachache ingewafanya mabingwa wake wapoteze uzoefu. Lakini bingwa hawezi kumtibu mgonjwa ambaye hakuna aliyemgundua, na ugunduzi huo hufanyika kwenye miji midogo ya Arusha kama Tengeru, Usa River na Ngaramtoni, kwa kipimo cha umeme wa moyo kinachochukua dakika chache na mtu anayejua kukisoma.

Wapo watakaosema tatizo lenyewe ni dogo. Utafiti uliofanywa wilayani Hai, jirani na Arusha, kwa wazee wa miaka 70 na zaidi, ulikuta chini ya 1% wana mtetemo wa vyumba vya juu vya moyo. Hata hivyo, mtetemo huo huweza kuja na kuondoka, na kipimo cha mara moja huwakosa wengi. Tena mtetemo huo huongeza hatari ya kiharusi takriban mara 5, na huwapata pia vijana ambao valvu zao ziliharibiwa na homa ya baridi yabisi. Wengine watasema fedha ziende kwenye shinikizo la damu kwanza. Kazi hizo mbili hazishindani: shinikizo ni chanzo kikubwa cha mtetemo huo, na muuguzi anayefunga mashine ya presha ndiye anayeweza kushika mkono wa mgonjwa na kuhisi mapigo yaliyovurugika.

Basi mafanikio ya bingwa yasipimwe kwa idadi ya mioyo aliyoichoma pekee. Yapimwe pia kwa matabibu wa mikoani aliowafundisha kusoma kipimo, na kwa wagonjwa wenye betri za moyo, yaani vifaa vinavyoongoza mapigo, wanaoweza kukaguliwa Hospitali ya Rufaa Mount Meru bila kupanda basi la Dar.