Kuota na Kupona: Picha za Setilaiti na Ardhi ya Machimbo katika Nyanda za Lilongwe na Dowa, Malawi

Ikisiri
Makala hii inaeleza jinsi picha za setilaiti zinavyotumika kufuatilia uharibifu na urejeshaji wa ardhi ya machimbo. Inajenga hoja kwamba istilahi "kupona" isitumike pale ambapo kilichothibitishwa ni kuota kwa majani tu.

1. Utangulizi
Kaskazini-magharibi mwa Lilongwe, eneo la Kasiya lina hazina kubwa ya rutaili na grafaiti iliyo karibu na uso wa ardhi. Mwaka 2024 kampuni ya Sovereign Metals ilichimba hapo shimo la majaribio, ikalifukia na kuanza kazi ya kurejesha udongo. Hiyo ni ardhi ya wakulima wadogo. Kwa hiyo swali la lini ardhi imepona ni swali la chakula.

2. Namna setilaiti inavyoona
Landsat ya kwanza ilirushwa mwaka 1972, na tangu 2008 hifadhi ya picha zake hupatikana bila malipo. Pikseli ya Landsat za leo ni mita 30 kwa 30. Ya Sentinel-2, iliyoanza kurushwa mwaka 2015, hufikia mita 10. Jani hai hufyonza mwanga mwekundu na kuakisi miale ya infraredi ya karibu. Tofauti ya viwango hivyo viwili, ikigawanywa kwa jumla yake, hutoa kielezo cha uoto kati ya -1 na 1. Shimo likifunguliwa, kielezo hushuka ghafla. Uoto ukirudi, hupanda polepole.

3. Mitego ya usomaji
Mwezi Agosti, shamba lililovunwa huonekana tupu kama machimbo. Ndiyo maana hulinganishwa picha za mwezi ule ule katika miaka tofauti. Wakati wa mvua, Novemba hadi Aprili, mawingu huficha ardhi. Tena, kuna machimbo madogo mno. Katika kambi ya Dzaleka, Dowa, iliyofunguliwa mwaka 1994 na sasa yenye wakazi zaidi ya 50,000, shimo la udongo wa matofali laweza kuwa dogo kuliko pikseli moja. Hapo ushahidi wa wakazi, wengi wao wazungumzaji wa Kiswahili kutoka Kongo mashariki na Burundi, hukamilisha picha.

4. Hoja ya istilahi
Magugu, miti ya kupandwa na mahindi huweza kutoa vielezo vinavyokaribiana. Kielezo hakipimi kina cha udongo wa juu, wala uchachu wake, wala magunia ya mavuno. Kuota huonekana kutoka angani; kupona huthibitishwa kwa sampuli za udongo, mizani ya mavuno na kauli ya mkulima. Mamlaka ikirudisha dhamana ya urejeshaji kwa sababu ya ukijani pekee, hasara humbakia mwenye shamba.

5. Hitimisho
Inapendekezwa kwamba ripoti za urejeshaji zitenganishe safu mbili: "uoto umerudi" na "ardhi imepona". Safu ya kwanza ijazwe kwa setilaiti kila mwaka. Ya pili isijazwe kabla ya vipimo vya shambani.