Pumu, Hofu na Ujauzito

Katika vijiji vinavyouzunguka mji wa Tukuyu mvua hunyesha sehemu kubwa ya mwaka, na kati ya Juni na Agosti baridi huwa kali. Milango hufungwa mapema, kuni zenye unyevu hufuka jikoni, na jiko la mkaa huingizwa chumbani kuleta joto, jambo lililo hatari hata kwa asiye na pumu. Baridi na moshi huamsha pumu. Kwa mjamzito huongezeka jambo la tatu, nalo ni hofu.

Mara nyingi hofu hiyo huihusu dawa yenyewe: mama huacha inhela akidhani itamdhuru mtoto. Salbutamoli ya kuvuta, inayofungua njia za hewa, na beklometazoni ya kuvuta, inayotuliza uvimbe ndani yake, zimetumiwa na wajawazito kwa miaka mingi, na wataalamu hushauri ziendelee. Mtoto hupata oksijeni kutoka katika damu ya mama. Mama akikosa pumzi, naye hupungukiwa. Pumu isiyodhibitiwa huongeza uwezekano wa shinikizo la juu la damu, kujifungua kabla ya wakati, na mtoto kuzaliwa na uzito pungufu.

Wasiwasi nao hubana kifua. Pumzi huwa za harakaharaka, vidole hufa ganzi, moyo hudunda. Pumu aghalabu huleta mluzi kifuani na kikohozi kinachozidi usiku au alfajiri. Lakini hali hizi huchanganyikana, na moja huweza kuiamsha nyingine. Kwa hiyo jamaa wasimwambie mjamzito kwamba ni mawazo tu, kisha wakamwacha alale. Penye shaka, aketi wima na avute salbutamoli, mpulizo mmoja mmoja. Asipopata nafuu, au akishindwa kumaliza sentensi, apelekwe hospitali usiku huohuo, huku akiendelea kuvuta dawa njiani. Anayeishi mbali na barabara ya lami ya Mbeya hadi Kyela apange usafiri mapema, kwani njia za vijijini huteleza.

Dukani, mnunuzi asome tarehe ya mwisho wa matumizi, adai risiti, wala asikubali kubadilishiwa inhela kwa vidonge bila idhini ya mtaalamu. Inhela nyingi za salbutamoli huwa na mipulizo 200. Ni vema kuihesabu, kwa maana kuielesha majini hakuonyeshi kiasi kilichobaki. Anayeshindwa kuvuta sawasawa aweza kutumia chupa safi ya plastiki ya nusu lita, iliyotobolewa kitakoni kwa kadiri ya mdomo wa inhela. Muuguzi wa kliniki, kama ile ya hospitali ya wilaya Makandana, aombwe kuonyesha namna ya kuitumia. Siku hiyohiyo mama amweleze pia hofu zake na usingizi unaokatika, kwa kuwa hayo nayo yana matibabu.