Laptopu ya studio ya chumbani: usinunue taa, nunua RAM

Umeweka akiba miezi kadhaa, sasa uko Luthuli Avenue na muuzaji anakuonyesha laptopu ya gemu yenye taa za rangi kwenye kibodi. Tulia kwanza. Kurekodi muziki hakuhitaji kadi ghali ya picha. Hiyo chapaa ipeleke kwingine.

Kazi kubwa hufanywa na prosesa na RAM. Biti, sauti yako na ala mbili tatu, RAM ya 8GB itakusongesha. Ala za kidijitali zikiongezeka, mashine itaanza kukwama, kwa hivyo lenga 16GB. Diski iwe SSD.

Feni nayo ni balaa. Bedsita ni ndogo, maikrofoni iko pale pale mezani, na feni ikivuma inaingia kwenye wimbo. MacBook Air ya M1 ya mwaka 2020 haina feni kabisa, ila RAM yake haiongezeki baadaye. ThinkPad T480 ya mtumba ina feni, lakini unaifungua na kuiongezea RAM polepole ukipata pesa. Kwa anayeanza, mimi ningechukua hiyo, niiweke mbali na maikrofoni.

Kisha bakisha hela ya intafesi ya sauti ya USB. Bila hiyo, unaimba halafu unajisikia kwenye hedifoni ukiwa umechelewa, na unatoka nje ya biti. Bafa ya sampuli 128, kwa sampuli 44,100 kila sekunde, ni milisekunde 3 hivi. Ya 1,024 ni 23.

Kabla ya kulipa, fungua video kadhaa kwa mpigo, ngoja dakika kumi, usikilize feni. Muuzaji akikataa, nenda duka la pili.