Riwaya ya Shusaku Endo na Kiti cha Maungamo

Wapo waamini wanaouliza kama inafaa Mkristo asome riwaya inayosimulia habari za padre aliyeikana imani. Swali hilo linaihusu hasa Chinmoku, yaani Ukimya, riwaya ya mwandishi Mkatoliki wa Japani, Shusaku Endo, iliyochapishwa mwaka 1966, na ambayo Martin Scorsese aliitolea filamu mwaka 2016.

Riwaya hiyo inaturudisha karne ya 17, watawala wa Japani walipoazimia kuufuta Ukristo. Walioshukiwa kuwa Wakristo waliamriwa kukanyaga fumi-e, kibao chenye sura ya Kristo au ya Bikira Maria. Padre Sebastião Rodrigues, Myesuiti kutoka Ureno, anaingia nchini humo kwa siri akimtafuta mwalimu wake, Cristóvão Ferreira, anayesemekana kuikana imani. Anakamatwa, kisha anaambiwa kwamba wakulima wanaoning'inizwa kichwa chini shimoni hawatafunguliwa mpaka yeye akanyage. Anakanyaga, na jogoo anawika.

Je, mwandishi anausifu ukanaji? Hatuoni hivyo. Jogoo huyo anatukumbusha Mtume Petro, aliyemkana Bwana mara tatu, akalia kwa uchungu, akakabidhiwa kondoo. Mama Kanisa anaendelea kuwaheshimu wafiadini: kila tarehe 6 Februari tunawaadhimisha Mtakatifu Paulo Miki na wenzake, waliosulubiwa Nagasaki mwaka 1597. Katekisimu inatufundisha lililo jema. Fasihi inatuonesha moyo wa mtu aliyeshindwa kulitenda, na jinsi neema inavyomfuata hata alikoangukia.

Humo yumo pia Kichijiro. Anamsaliti padre, anarudi kuomba kuungama, anaanguka, anarudi tena. Rodrigues anamwona kinyaa. Sisi mapadre tunaoketi katika kiti cha maungamo tunamfahamu mtu huyu. Tunaweza kumpa maondoleo kwa maneno, huku mioyo yetu imekwisha kumfungia mlango. Mwishoni Rodrigues anayasikiliza tena maungamo yake, naye sasa ni mwanguko mwenzake, mhitaji wa huruma ileile.

Ndiyo maana Hayati Baba Mtakatifu Fransisko, aliyewahi kufundisha fasihi shuleni huko Santa Fe, Argentina, aliandika barua ya tarehe 17 Julai 2024 kuhusu nafasi ya fasihi katika malezi. Alikusudia kwanza malezi ya mapadre, kisha akaona kwamba jambo hilo lawahusu Wakristo wote. Asomaye vema hujizoeza kuisikiliza sauti ya mwingine kabla ya kumhukumu.

Basi jandokasisi asione kwamba anapoteza muda akishika riwaya njema. Anajiandaa kuwasikiliza watu atakaotumwa kwao. Na wewe ndugu unayeona haya kuungama dhambi ileile kwa mara ya kumi, usikae mbali. Njoo. Padre anayekungoja naye huungama.